Ubatizo Ulioishia Njiani

Simu ilikuwa mezani, imechomekwa kwenye betri ya sola, na Tekla ameketi mbele yake kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni. Nje, ukungu wa Kilolo ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mianzi nyuma ya nyumba, na kila jani lilidondosha maji taratibu. Kule Mbeya mjukuu wake Pendo, mtoto wa miezi minne, alikuwa wodini na homa ya mapafu, amewekewa mpira wa hewa puani. Hayo ndiyo aliyoyajua. Mengine hakuyajua, maana simu ya binti yake Violet ilikuwa haipatikani tangu giza lilipoingia, na aliyesababisha ni yeye mwenyewe.

"Mama Violet," mumewe Bartolomeo alisema kutoka chumbani, "hata ukiikodolea macho namna hiyo, haitalia kwa kukuogopa."

"Lala wewe."

"Nalalaje, na wewe unahema kama ng'ombe anayezaa? Ulimwambia nini huyo mtoto hata akazima simu?"

"Nilimwambia aende bombani."

"Bombani kufanya nini? Mtoto wake mgonjwa, wewe unamtuma maji?" Kitanda kililia, akageuka. Kisha akaelewa. "Aa, Tekla! Bado hayo? Si ulishambatiza mwenyewe, na nyumba ikawaka moto kwa sababu hiyo? Sasa unataka abatizwe mara ngapi?"

Tekla alivuta khanga akajifunika mabega, akaendelea kuitazama simu.

Hivyo ndivyo watu wote walivyojua, kwamba alikuwa amembatiza mtoto. Bartolomeo alijua hivyo, Violet na mumewe Ezekiel walijua hivyo, na soko la Mwanjelwa kule Mbeya karibu lote lilijua hivyo. Ni Tekla peke yake aliyejua kwamba hakumaliza.

Mambo yalianza vizuri. Violet alipojifungua, Tekla alipanda basi kwenda Mbeya kumlea mzazi, kama mama yeyote anavyofanya. Alimpikia uji wa ulezi, akamkanda, akamwogesha mtoto, akafua nepi katika yale maji ya Mbeya yanayokata vidole. Mzazi alipopata nguvu, Violet akarudi kwenye banda lao la mchele sokoni, saa chache chache, na bibi akabaki na mtoto.

Neno la ubatizo hakuligusa. Alikuwa amekwisha kuchoka nalo. Violet alibatizwa Mkatoliki, hajaota hata jino, kisha alipoolewa na Ezekiel, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe zao bonde la Usangu, akabatizwa tena mtoni katika kanisa la mumewe, mzima mzima, mpaka kichwa. Siku ile alipopigiwa simu na kuambiwa, Tekla aliketi kwenye mfuko wa viazi akauliza, "Na ule wa kwanza ulikuwa na kasoro gani?"

"Ule sikuuona, mama," Violet alijibu. "Nilikuwa nimelala."

Jibu hilo lilimkaa Tekla kifuani muda mrefu, kwa sababu naye wake hakuuona. Alibebwa, akamwagiwa maji, akarudishwa nyumbani. Tangu hapo amefagia kanisa, ameimba, amezika watu, amefunga Kwaresima. Kama katikati ya hayo yote kulikuwa na siku moja ambayo imani iliingia, yeye hakuiona ikipita mlangoni. Aliishi nayo tu, kama mtu anavyoishi na goti linalouma: hulitambui mpaka upande mlima.

Basi siku moja, Violet akiwa sokoni, Pendo alichemka mwili kwa ghafla. Kabla Tekla hajamaliza kumvua sweta, macho ya mtoto yaligeuka yakawa meupe, mikono ikakakamaa, midomo ikawa kama zambarau. Degedege. Tekla alipiga kelele za kumwita jirani, Mama Mercy, lakini redio ya Mama Mercy ilikuwa inaimba kwa nguvu. Hapo akaona kikombe cha maji dirishani.

Namna ya kubatiza mtu anayekufa alifundishwa. Sista mmoja alikuja parokiani kwa semina ya akina mama, akawaambia kwamba penye hatari ya kifo Mkristo yeyote anaweza, hata mama wa nyumbani, hata kwa maji ya mtungi. Ili wasiogope, akaleta boga. Akaliweka kwenye beseni, na mama mmoja mmoja akapita mbele, akalimwagia boga maji mara tatu na kutamka maneno. Wanawake walicheka hadi machozi. Sista naye alicheka, lakini aliwaonya: "Maneno matakatifu hatuyamalizi juu ya boga. Mkifika kwa Mwana, nyamazeni. Roho Mtakatifu tunamtunzia mtoto." Wakafanya hivyo. Tekla alirudia foleni, kwa vile aliogopa kukosea, na kila mara alinyamaza pale pale alipoambiwa anyamaze.

Na siku ile Mwanjelwa, mtoto akiwa amekakamaa mapajani pake, alimwaga maji akasema, "Pendo, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana," ulimi ukasimama. Hakuna aliyeushika. Ulisimama wenyewe, pale ulipozoeshwa. Kabla hajajua kilichotokea, mlango ulisukumwa, Mama Mercy akaingia, akamnyakua mtoto, "Mama, bajaji! Bajaji!" wakakimbia.

Mtoto alipona. Jioni Mama Mercy alisimulia kisa chote pale sokoni, pamoja na kikombe na neno "nakubatiza" alilolisikia akiwa mlangoni. "Bibi yule jasiri! Mtoto anakata roho, yeye anabatiza!" Alidhani anamsifu.

Ezekiel hakumgombeza. Mkwe hagombezwi. Kwao, na kwa Wahehe wa kina Tekla pia, mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni, sembuse kumfokea. Alikaa upande wa pili wa pazia akazungumza na mkewe, kwa sauti ya kutosha nyumba nzima.

"Mwambie mama namshukuru kwa kumwahisha mtoto hospitali. Lakini mwambie mimi nilikuwa mlevi. Nililala mitaroni. Nilipoingia kwenye maji yale niliingia kwa miguu yangu, najua naacha nini na namfuata nani. Siku ile ni yangu, hakuna aliyeniletea. Mwanangu naye nilimtunzia siku yake. Sasa ameshanyang'anywa, hata meno hana."

"Mama, anasema…" Violet alianza.

"Nimesikia," Tekla alisema.

Kesho yake akakatiwa tiketi ya basi, akafungiwa mchele wa Usangu kwenye mfuko, akasindikizwa mpaka stendi kwa heshima zote. Alifukuzwa hivyo. Na hakusema kwamba maneno hayakuisha. Aliona aibu. Tena alisema moyoni, wakijua haukuwa ubatizo kamili watafurahi, na furaha yao hiyo hakuitaka.

Sasa mtoto alikuwa wodini tena. Jioni ile, Violet alipopokea simu, Tekla alishindwa kujizuia. "Mwanangu, nenda bombani, chota maji kidogo tu, ukamwagie…"

"Mama, usianze."

"Siyo kuanza, ni kumalizia…"

Simu ikakatwa, kisha ikazimwa. Na usiku mzima Tekla alikaa akijiuliza kama mtoto anaweza kufia njiani, kati ya Mwana na Roho Mtakatifu, na akifia hapo atapokelewa na nani. Alijaribu kusali rozari, akapotea. Alianza tena, akapotea palepale. Kuelekea alfajiri aliacha kuomba kwa maneno, akawa anasema tu, "Basi. Basi," kama mtu anayembembeleza mtoto asiyemwona.

Kulipokucha simu ililia. Tekla aliiangusha, akaiokota.

"Ameanza kunyonya," Violet alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa. "Wametoa mpira. Wamesema wakimwangalia kidogo wataturuhusu."

"Asante Mungu. Nije?"

Nyuma ya Violet mtoto wa mtu mwingine alikuwa analia.

"Usije kwanza, mama."

Bartolomeo alitoka chumbani, akamkuta ameinamia meza na mabega yanatikisika. Akadhani mtoto amekufa. Alipojua hajafa, alimkorogea chai mwenyewe, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akaiweka sukari mpaka ikawa kama asali.

Tekla alikwenda kwa katekista. Kasian alikuwa shambani kwake anapanda njegere, suruali imekunjwa, matope mpaka kwenye magoti.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Nina neno."

Akamweleza yote, akiwa amesimama kwenye tuta. Alipofika kwenye boga, Kasian aliuma midomo.

"Cheka tu," Tekla alisema. "Mimi nimeshindwa."

"Sicheki, mama. Mke wangu naye alilibatiza boga lile. Tulilila, lilikuwa tamu." Kisha akawa mtulivu. "Kwa sheria, bila maneno yote hakuna ubatizo. Siwezi kukudanganya. Na kumalizia hakuna, ingebidi kuanza upya. Mtoto ameshapona, na wazazi hawataki, basi padre hatagusa."

"Kwa hiyo haikuwa kitu."

"Sikusema hivyo. Ulipokuwa unamwagia, uliamini?"

Tekla alifikiri. Alikuwa mwanamke wa kutazama mambo vizuri kabla ya kusema, na alilitazama hilo. "Niliogopa," akasema. "Sikuamini kitu. Niliogopa tu."

"Na unafikiri Mungu alikuwa anasikiliza, ulipokatisha akaondoka?"

"Sasa kama haondoki, maji ni ya nini?"

Kasian alisimika jembe, akalitegemea. "Swali hilo kwa kawaida nawaambia watu waje Jumamosi kwenye mafundisho," alisema, "na Jumamosi hawaji. Ukiniuliza mimi, maji ni kwa ajili yetu sisi. Sisi ndio tunaosahau. Yeye hasahau. Lakini mimi ni katekista tu, padre anaweza kulisema vizuri zaidi." Akainama tena kwenye tuta. "Yule mkweo angekuwa mtoto wako, ungemwambia ukweli?"

"Ningemwambia."

"Basi."

Alimwacha hapo. Kabla ya kurudi nyumbani alipitia kanisani, akajaza chupa ndogo maji ya baraka kutoka kwenye pipa, akaifunga vizuri. Hakumwambia Kasian. Hata Bartolomeo hakuambiwa. Alikuwa amesikia kwamba kumalizia hakuna, kwamba ni kuanza upya. Sawa. Angeanza upya. Violet angeingia jikoni dakika moja, mtoto angekuwa mapajani, na safari hii ulimi usingesimama. Alikuwa ameufanyia mazoezi njia nzima kutoka shambani.

Violet alipotuma ujumbe kwamba wameruhusiwa, Tekla alipanda basi bila kuwaarifu wa Mbeya. Alisafiri na kikapu mapajani: viazi, njegere mbichi, sweta aliyofuma mwenyewe, na chupa chini kabisa. Makambako walisimama, watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, yeye hakushuka. Alikuwa anarudia maneno. Abiria wa pembeni, mama mnene mwenye kuku kwenye boksi, alimwuliza, "Unasali, dada?" Tekla akasema ndiyo, kisha akaona kwamba si kweli. Alikuwa anakariri. Tangu ile alfajiri ya "basi, basi" hakuwa amesali tena.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima alipofika Mwanjelwa. Baridi ilikuwa imeanza kupiga. Mama Mercy alimwona kutoka kwenye karai lake la maandazi, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza akaufunga bila kusema. Tekla akapita, akagonga.

"Nani?"

"Mimi, mwanangu."

Alisikia pumzi ya Violet upande wa pili wa mbao, karibu kabisa. Kitasa hakikusogea. Kisha sauti ya Ezekiel, kutoka ndani zaidi, ya chini, ya mtu asiyelala siku nyingi.

"Msalimie mama. Mwambie pole na safari."

"Mama, anasema pole na…"

"Nimesikia. Asante. Mwambie poleni na mgonjwa."

"Anasema…"

"Nimesikia," Ezekiel alimkatiza. "Mwambie hii ni nyumba yake, lakini kuna jambo moja. Aseme tu kwamba yale yalikuwa maji ya kumpoza homa. Akisema hivyo yameisha, na mimi nitawaambia ndugu kanisani yameisha. Sitaki zaidi."

Violet alisogeza mdomo kwenye ufa wa mlango. "Mama, sema tu," alinong'ona. "Si ni kweli yalimpoza? Nimechoka, mama. Niko katikati yenu kama nguo mnayoikamua. Sema, uingie."

Lilikuwa neno rahisi sana. Tekla alilipima mdomoni. Hata katekista alikuwa amesema kwa sheria hakuna kilichotokea. Ndani mtoto alikohoa, kikohozi kidogo chenye majimaji, kisha akaguna kama anayetafuta titi, na mikono ya Tekla ikainuka yenyewe kutoka kwenye kikapu.

"Siwezi," alisema. "Sikuwa napoza homa. Nilikuwa namwomba Mungu ampokee, maana nilijua anakufa. Nikisema yalikuwa maji tu, nitakuwa namdanganya mkwe wangu, na huyo niliyemwomba naye nitakuwa namkana."

Redio ya Mama Mercy ilizimwa ghafla.

"Lakini mwambie mumeo kuna jambo sikulisema. Sikumaliza. Nilifika kwa Mwana, nikakwama. Sista alitufundisha kwa boga, akatukataza kumaliza, na ulimi wangu mimi ukazoea boga." Alijipangusa pua kwa ncha ya khanga. "Katekista amesema haukuwa ubatizo. Kwa hiyo ile siku ya mtoto, mwambie, hakuna aliyeinyang'anya. Ipo. Nimeificha kwa sababu ya aibu, nikawaacha mkiumia."

Ezekiel akauliza, na safari hii hakumpitishia mkewe, "Boga?"

"Boga, baba. Kubwa tu."

Ndani kulitoka sauti ambayo Tekla hakuitambua mara moja. Violet alikuwa anacheka, au analia, au vyote, kipaji cha uso kimegusa mlango. Ezekiel hakucheka. Alikaribia, hatua zake zikasikika kwenye sakafu.

"Mayu," alisema, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ukiingia, utamalizia?"

Tekla alitazama kikapu. Hakuna aliyejua kuhusu chupa. Angeweza kusema hapana, akaingia nayo, kwa maana nani angempekua bibi? Alijijua. Usiku, mtoto akikohoa, asingeweza kulala na maji yale chini ya kitanda. Na akiyaacha, asingeweza kulala vilevile. Alitamani angekuwepo mtu wa kumwambia kwa hakika kwamba mtoto huyu yuko salama, aone imeandikwa, aone muhuri. Hakuwepo. Kulikuwa na ufa wa mlango, na mtoto anayepumua.

Akaingiza mkono chini ya viazi, akaitoa chupa.

"Nilikuja kumalizia," alisema. "Maji ninayo hapa. Nayaacha nje." Aliinama, goti likauma, akaiweka kwenye kizingiti, kando ya kandambili za mkwe wake. "Sitamalizia. Siyo kwamba siogopi. Naogopa vilevile. Ila nimemwachia Mwenyewe, kama alikuwepo siku ile basi na leo yupo."

Kwa nyuma Mama Mercy alisema polepole, "Yesu wangu," na akajiziba mdomo.

Komeo lilivutwa. Mlango ukafunguka kwa kukwaruza, kwa vile ulikuwa umevimba kwa unyevu, na mbele ya Tekla hapakuwa na mtu ila Violet, macho mekundu, Pendo kifuani amefungwa kama kifurushi. Ezekiel hakuonekana. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ameushikilia kwa mkono mmoja, ameinamisha kichwa, ili mama mkwe wake apite bila kumtazama usoni.

"Ingia, mama," Violet alisema. "Baridi inamwingia mtoto."

Tekla alivua viatu. Alitazama nyuma mara moja, akaiona chupa pale chini, kisha akaingia.